Liuze Lilivyo, na Useme Lilivyo

Ushauri anaopewa mwenye gari la mbio anayetaka kuliuza, awe Isiolo, Meru au Nairobi, ni uleule: livue kwanza. Toa tabo kubwa, rudisha ya kiwandani. Fungua bomba la moshi linalonguruma, funga la kawaida. Ondoa rimu pana, viti vya mashindano na saa za kupima presha zilizopachikwa juu ya dashibodi. Vipande hivyo viuze kimoja kimoja kwa vijana wanaovisaka, kisha lipeleke gari yadi likiwa limepoa, na mnunuzi akiuliza kama limewahi kuchezewa, cheka ubadilishe mazungumzo. Mabroka wanautoa ushauri huu kwa uhakika wa watu waliouza magari mengi. Wanunuzi nao wanautilia nguvu kila wanaposema kwamba gari likishaongezwa nguvu na fundi, limekwisha. Pande hizo mbili zinaonekana kubishana, kumbe zimekubaliana kwamba gari lililobadilishwa ni aibu ya kufichwa. Makala haya yanapinga makubaliano hayo. Kinachoshusha bei ya gari lililoongezwa nguvu, na kinachomtia hatarini anayelinunua, ni ukimya wa muuzaji kuliko kazi ya fundi. Na anayelirudisha katika hali ya kiwandani kwa siri ili auze haraka anauza kitu kibaya kuliko kile alichokuwa nacho.

Tuwape kwanza wapinzani haki yao. Ni kweli kwamba Subaru Impreza WRX STI au Mitsubishi Lancer Evolution iliyobadilishwa sana ina wanunuzi wachache kuliko ile isiyoguswa. Ni kweli kwamba mkopeshaji anayechukua gari kama dhamana hutegemea ripoti ya mthamini, na mthamini hukadiria bei ya soko bila kuhesabu gharama za gereji. Ni kweli pia kwamba injini iliyosukumwa kupita kipimo chake huchakaa mapema, na kwamba uchakavu huo hauonekani kwa kufungua boneti. Baba mwenye watoto wawili anayetafuta gari la kumpeleka kazini hana sababu ya kununua gari ambalo klachi yake inamuumiza goti kwenye foleni. Hofu ya wanunuzi si upuuzi, na muuzaji anayeidharau atakaa na gari lake hadi lishike kutu. Swali ni kama kuficha kunaiondoa hofu hiyo au kunaizalisha.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 utafiti wake ukamfanya awe mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichokionyesha kinaeleweka na yeyote aliyewahi kusimama yadini. Muuzaji anajua hali ya gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha zima na bovu, anatoa bei ya mtu anayetarajia kwamba huenda akapewa bovu. Mwenye gari zima anaiona bei hiyo kuwa matusi, analiondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu zaidi, bei inashuka tena, na mzunguko unaendelea. Sasa tazama kinachotokea ushauri wa mabroka unapofuatwa na wote. Kila STI inayofika yadi imepoa, haina historia, haisemi neno. Ile iliyotunzwa kwa mafuta mazuri na ile iliyopondwa kila wikendi zinafanana kama mapacha. Mnunuzi mwerevu afanye nini isipokuwa kuichukulia kila moja kuwa ndiyo ile mbovu? Bei duni ambayo broka anaitaja kama sababu ya kuficha ni zao la kule kuficha kwenyewe. Mabroka hupenda kukariri methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina ukweli kwa vitu vinavyopimika kwa macho na mkono. Wema wa injini umo ndani ya chuma, na haujiuzi mpaka mtu autolee ushahidi.

Hoja ya kiufundi ni nzito zaidi, maana hapo ukimya unavuka mipaka ya fedha. Gari likiongezwa nguvu ipasavyo, halibadilishwi sehemu moja. Tabo kubwa husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi, kwa hiyo pampu na sindano za mafuta hubadilishwa. Joto likipanda, kipoza hewa na rejeta hukuzwa. Klachi huimarishwa ili isiteleze. Breki, shokomzoba na matairi hufuata, kwa sababu nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi: breki za gari lililofika kilomita 160 kwa saa zinadaiwa kumeza nishati mara nne ya ile ya kilomita 80. Juu ya yote hayo kompyuta ya injini huandikwa upya, ijue imwage petroli kiasi gani na cheche itoke wakati gani. Mwenye gari anapolivua ili auze, huondoa kinachoonekana na chenye soko: breki kubwa, kipoza hewa, shokomzoba za mashindano, rimu. Kisichoonekana hubaki: maandishi mapya ndani ya kompyuta, kifaa cha kudhibiti presha ya tabo, silinda zilizochongwa upya. Mnunuzi anakabidhiwa gari lenye sura ya kiwandani na nguvu isiyo ya kiwandani, likiwa limenyang'anywa vile vilivyofungwa ili kuimudu nguvu hiyo. Hilo si gari la kiwanda tena, wala si gari la fundi. Hakuna mtu aliyewahi kulipanga liwe hivyo.

Isiolo ni mahali pabaya pa kuligundua jambo hilo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100. Anayetoka Nanyuki hupita kwanza Timau, kwenye mashamba ya ngano yaliyo juu ya mita 2,000, kisha huteremka kupitia Subuiga hadi mjini, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini katika mwendo usiozidi saa moja hivi. Breki zilizobadilishwa kuwa ndogo zikichemka kwenye mteremko huo, dereva asiyeambiwa hatajua kwa nini kanyagio linazama. Huku chini joto la mchana hupita nyuzi 30, na hewa ya moto inayoingia kwenye injini bila kile kipoza kilichokuwapo huleta mlipuko wa kabla ya wakati ndani ya silinda, jambo ambalo huvunja pistoni. Ramani ya mafuta iliyopangwa Nairobi, kwenye mita 1,700 ambako hewa ni nyepesi, hukutana na hewa nzito zaidi kila gari linaposhuka; fundi mzuri huacha nafasi ya akiba kwa ajili ya tofauti hiyo, na mwenye gari mzuri humwambia anayefuata kama nafasi hiyo ipo au haipo. Kisha mbele ya mji barabara ya A2 inanyooka kuelekea Archers Post na Merille, lami inayomshawishi dereva akanyage huku ngamia na mbuzi wakivuka wapendapo, na kila kilomita inayopita hospitali ya rufaa inazidi kubaki nyuma. Aliyenyimwa habari za gari lake hapa amenyimwa kitu kikubwa kuliko punguzo la bei.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vijana wa Nairobi, na kwamba Isiolo haihusiki na magari yaliyobadilishwa. Historia ya mji inawakanusha. Kwa miongo mingi lami ya kaskazini iliishia hapa. Kipande cha kwanza cha barabara mpya, kilomita 136 hadi mto Merille, kilijengwa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, karibu kilomita 500 kutoka Isiolo. Kabla ya hapo, gari lililovuka tambarare za Kaisut na Dida Galgalu likiwa kama lilivyotoka kiwandani lililipia ujasiri wake. Land Rover na Land Cruiser ziliongezwa springi, tangi la pili la mafuta, bampa za chuma na mabamba ya kulinda tumbo. Malori yalijengewa mabodi ya kubeba mifugo chini na abiria juu. Pikapu za Hilux zinazotoka Maua na miraa, zikikimbizana na muda kabla majani hayajanyauka, huimarishwa springi kwa ajili ya uzito kisha hukimbizwa kwa kasi ambayo waliozibuni hawakuikusudia. Kaskazini, kubadilisha gari kumekuwa sharti la kusafiri tangu zamani.

Na tazama soko la magari hayo linavyokwenda. Land Cruiser yenye tangi la ziada na springi nzito haidharauliwi Isiolo wala Marsabit, hutafutwa. Hakuna broka anayemshauri mwenyewe ang'oe tangi la pili ili gari lionekane halijaguswa. Sababu ni kwamba mabadiliko yake yanasomeka. Mnunuzi anainama akahesabu springi, anagonga tangi, anauliza limechomelewa na fundi gani na gari limekwenda njia zipi, naye anajibiwa. Katika mnada wa mifugo mambo ni hayohayo: mnunuzi wa ngamia husoma alama ya ukoo iliyochomwa mwilini, kisha huuliza mnyama amelelewa wapi na amezaa mara ngapi. Anayefuta alama ile hapati bei nzuri zaidi. Anashukiwa kuwa mwizi. Soko la Isiolo, kwa hiyo, linajua tayari jinsi ya kulipia kitu chenye historia. Linashindwa kwa Subaru na Evo peke yake, na linashindwa kwa sababu mabadiliko ya magari hayo yamejificha ndani ya injini na kompyuta, ambako hayafikiki ila kwa maneno na karatasi za muuzaji. Anayezificha karatasi hizo analinyima soko kitu pekee ambacho lingelipia.

Mfano mkubwa zaidi wa hoja hii umo katika mbio zenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na mwaka 1965 washindi walikuwa Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wakiendesha Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda katika Safari ya 1964, likauzwa likiwa limekwisha kupigwa na barabara za Afrika Mashariki, na Joginder, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, akalitengeneza upya. Kwa mantiki ya broka wetu, lile lilikuwa gari la kukimbiwa: limebadilishwa, limekimbizwa, limeteswa. Kwa Joginder yale yote yalikuwa ndiyo sababu ya kulinunua, kwa kuwa alijua lilivyojengwa na lilivyopitia. Lingevuliwa likauzwa kama gari la kawaida la familia, angekuwa amenunua bodi kuukuu tu. Hadi leo magari ya mashindano ya kimataifa hubeba pasipoti ya kiufundi inayotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, inayoonyesha gari ni lipi na limejengwaje, na hiyo huhama nalo kutoka mmiliki hadi mmiliki. Watu wanaoyafahamu magari haya kuliko wote duniani hawayafichi yalivyo, wanayaandika.

Wakati nao unatubana. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mitsubishi ilikoma kutengeneza Lancer Evolution mwaka 2016. Injini ya EJ20, iliyoibeba STI ya Japani kwa miongo, iliagwa kwa toleo la mwisho lililotangazwa mwaka 2019. Mlango wa Evo, kwa hiyo, umekwisha kufungwa, na wa STI ya injini hiyo uko njiani kufungwa. Magari ya aina hii yaliyomo nchini ndiyo yatakayokuwamo, na yatauzwa na kuuzwa tena, kutoka mkono wa kwanza hadi wa sita. Gari la kawaida likipoteza historia, mnunuzi anaweza kuagiza jingine. Haya hayana jingine. Kila muuzaji anayechana karatasi za fundi anaifuta kumbukumbu ambayo wamiliki watano watakaofuata wangeihitaji, naye hawezi kuirudisha hata akijuta. Wale wanaoyapenda magari haya, na wanaolalamika kwamba mazima yamekwisha, wajiulize wao wenyewe wamechangia kiasi gani kuyafanya yasitambulike.

Broka atajibu kwa sentensi inayopatikana katika karibu kila mkataba wa mauzo ya gari nchini: linauzwa lilivyo na mahali lilipo, mnunuzi ameliona na ameridhika. Hoja hii ina mguu wa kusimamia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humwachia mnunuzi jukumu kubwa la kujitazamia, hasa anaponunua kwa mtu asiye mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, na akishaikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ungepaswa kuzifichua. Lakini ukaguzi gani wa yadini ungefichua maandishi yaliyo ndani ya kompyuta ya injini? Sheria hiyohiyo inasema kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake, na tangazo linalosema gari halijaguswa ni maelezo. Uongo unaomfanya mtu atie sahihi unaweza kuuvunja mkataba, hata uwe na sentensi ngapi za kujikinga. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinamtambulia mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tena kuna upotovu ndani ya sentensi yenyewe. Mwenye kusema gari linauzwa lilivyo anadai kwamba hajaligusa kwa ajili ya mauzo. Aliyekesha gereji usiku wa kuamkia mauzo akilivisha sura ya zamani ameuza lisivyo, na kinga anayoitegemea ameitoboa mwenyewe.

Hata asiyejali haki ya mnunuzi angejali shingo yake. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, aliyeandikwa kwenye logibuku huhesabiwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vingine. Magari ya namna hii mara nyingi hupita mikono miwili au mitatu kabla ya mtu kukamilisha uhamisho wa umiliki, na ajali ikitokea kule Laisamis kaskazini, jina linalotafutwa kwanza ni lile lililo kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Injini iliyobadilishwa bila logibuku kubadilishwa huzaa tatizo jingine, kwa sababu nambari ya injini imeandikwa humo: kwa polisi, nambari isiyolingana ni dalili ya gari la wizi kabla ya kuwa dalili ya kitu kingine chochote. Upande wa bima ni vivyo hivyo. Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wa fomu, na mnunuzi aliyedanganywa huandika uongo bila kujua. Kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba gari si lile lililoelezwa, mzozo huanza wakati majeruhi bado yuko wodini, na mnunuzi huyo atamtafuta aliyemwuzia. Muuzaji aliyeandika kila kitu na kupata sahihi ya mnunuzi ana karatasi ya kuonyesha. Aliyenyamaza ana neno lake dhidi ya neno la mtu mwenye hasira.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la kibiashara: mkweli hushindwa, mwongo huuza Ijumaa. Ni kweli mwongo huuza haraka, kwa sababu anauza kwa mtu yeyote. Mkweli lazima amsubiri mnunuzi anayelitaka gari la namna hiyo, na mnunuzi huyo huenda yuko Nairobi, karibu kilomita 280 kutoka hapa. Lakini kuna njia za kuufupisha ungojaji huo. Kipimo cha mgandamizo wa silinda hufanywa na fundi yeyote mwenye kifaa, na namba zake husema kuhusu afya ya injini kuliko maneno elfu. Chama cha magari cha AA Kenya hukagua na kuthamini magari kwa niaba ya yeyote anayelipia. Vipuri vya kiwandani vilivyoondolewa, vikitunzwa na kukabidhiwa pamoja na gari, humpa mnunuzi uhuru wa kulirudisha mwenyewe kwa ukamilifu, bila hila ya nusu kwa nusu. Risiti za mafuta ya injini, jina la aliyeandika upya kompyuta na kiasi cha presha kilichopangwa huandikwa kwenye ukurasa mmoja. Muuzaji mwenye vitu hivi anaweza kudai bei ya gari zima, kwa sababu amempa mnunuzi njia ya kulijua kuwa zima. Na katika mji wa ukubwa wa Isiolo, ambako mafundi wanajuana na magari ya mbio yanajulikana kwa mlio wake kabla hayajaonekana, siri ya broka haidumu. Gari lililouzwa kwa uongo hurudi gereji ileile lililotokea, na jina la muuzaji linatajwa kila boneti inapofunguliwa.

Hapa lazima tuwageukie pia wale wa upande wa pili, wanaotangaza kila kitu kisha wanataka walipwe kila kitu. Wao hujumlisha bei ya gari, ya tabo, ya rimu na ya kazi ya fundi, wakaiita jumla hiyo bei ya kuuzia. Wanakosea, na makosa yao ndiyo yanayowapa mabroka nguvu ya kusema kwamba anayejitangaza huaibika. Fedha iliyotumika kuongeza nguvu ilikuwa gharama ya furaha ya mwenyewe, na furaha hiyo ameshaila. Mnunuzi hadaiwi karamu ambayo hakualikwa. Risiti zinathibitisha kwamba kazi ilifanywa, na nani, na lini. Hazimwamuru mtu alipe. Sehemu moja inaweza kuongeza bei kidogo, kama breki bora ambazo kila dereva anazitaka. Nyingine huipunguza, kama klachi ngumu inayomchosha dereva wa mjini. Anayeliuza gari kwa uwazi hana budi kuukubali uamuzi wa soko juu ya vitu hivyo. Uwazi unamwepusha na punguzo la hofu, na hilo peke yake ni faida ya kutosha.

Linabaki pingamizi la wenye busara: kwamba magari haya ni hatari barabarani, na kwamba kuyatafutia bei nzuri ni kuyaalika yazidi. Kasi ya juu inayoruhusiwa kwa gari dogo kwenye barabara kuu za Kenya haizidi kilomita 110 kwa saa, na hakuna karatasi ya mauzo inayoibadilisha. Ni sawa pia kwamba baadhi ya mabadiliko hayastahili kuuzwa kwa mtu yeyote: bomba lisilo na sailensa, taa zinazompofusha anayekuja, mkanda wa usalama ulioondolewa kwa ajili ya kiti cha mashindano. Hayo yaondolewe kabla ya mauzo, na kuondolewa kwake kuandikwe. Lakini kutoka hapo huwezi kufika kwenye ushauri wa mabroka, kwa sababu kuficha hakupunguzi idadi ya magari yenye nguvu barabarani hata kwa moja. Kunapunguza idadi ya madereva wanaojua kwamba wameyashika. Kijana anayejua kwamba gari lake limeongezwa nguvu anaweza kuwa mzembe; mama anayeamini amenunua Impreza ya kawaida, kisha akakanyaga mafuta kulipita lori karibu na Subuiga, hana hata nafasi ya kuchagua kuwa mwangalifu. Mwenye kuogopa hatari ya magari haya ana sababu zaidi ya wote ya kudai historia yake isemwe.

Kinachotakiwa ni kidogo. Kila gari lililoongezwa nguvu liuzwe pamoja na ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na pande zote mbili, unaotaja kilichobadilishwa, aliyekibadilisha, kilichorudishwa, na kilichobaki ndani ya injini na kompyuta. Nambari ya injini ilingane na logibuku, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe kabla ya funguo kutoka mkononi. Mnunuzi atakayekimbia baada ya kuusoma ukurasa huo hakuwa mnunuzi wa gari hilo, na heri akimbie yadini kuliko kujuta kwenye mteremko wa Timau. Atakayebaki atalipa akijua analipia nini. Yadi za Isiolo zikianza kuudai ukurasa huo, magari yaliyotunzwa yatapanda bei na yaliyopondwa yatashuka, na wamiliki watakuwa na sababu ya fedha, mbali na ile ya dhamiri, ya kuyatunza na kuandika walichoyatendea.